Kitambaa cha Saba

Nyumba za wauguzi, chumba namba nne,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa baba,

Shikamoo. Na wewe mama shikamoo, maana najua umesimama nyuma ya kiti cha baba unasoma juu ya bega lake huku ukijifanya unafuta vumbi. Natumaini barua hii imewakuta magoti ya baba yametulia na kikohozi cha mama kimekwisha. Mimi ni mzima. Nakula vizuri, nalala vizuri isipokuwa siku chache nitakazozieleza, na vile viatu vya kazini ulivyonishauri, mama, vimeniondolea kabisa maumivu ya kisigino. Kaka naye hajambo, anawasalimu, na tumbo lake linazidi kumtangulia kila anapoingia mlangoni.

Mtashangaa kupata barua wakati simu zipo. Ukweli ni kwamba nimejaribu kulisema jambo hili kwenye simu mara tatu, na mara zote tatu nimeishia kuuliza kama mvua imenyesha. Baba, wewe ukikaa kimya kwenye simu mimi huishiwa maneno. Karatasi hainyamazi kwa namna ile yako, basi nimepiga moyo konde na nitaandika mpaka mwisho hata kama chai itapoa.

Jambo lenyewe ni gari, tena si gari peke yake. Alhamisi mama alinipigia akanieleza kwamba yule dereva wa lori la maziwa alikuja hapo nyumbani, injini yake inagonga, akakuomba uisikilize kama ulivyomsikilizia miaka yote. Nawe ukamwambia aende kwa mafundi wenye mashine za kupimia, wewe umestaafu. Akaniambia pia kwamba bisibisi yako ndefu, ile ya mpini wa mbao, siku hizi inazuia dirisha la jikoni lisijifunge. Alilisema hilo kama mzaha. Mimi sikucheka. Nilikaa kitandani na simu mkononi, nikajua kwamba bisibisi ile imefika dirishani kwa sababu yangu.

Nianzie pale ulipoachia wewe. Unakumbuka siku ile ulipopanda basi ukaja kuliangalia gari kabla sijalinunua, pale uani kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa analiuza. Yeye alikuwa ameandaa karatasi zake zote mezani, za bima na za matengenezo, na wewe hukuzitazama hata moja. Uliomba jirani azime redio. Ukaweka ncha ya bisibisi juu ya injini na mpini sikioni, ukafumba macho, ukahamisha ncha sehemu nne kama daktari anayepima kifua, na kila mara ukimwonyesha mwalimu kwa kidole kimoja akanyage mafuta au aachie. Mwalimu, aliyezoea kuamrisha darasa zima, alitii kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Kisha ukafuta sikio kwa leso ukasema, "Moyo wake mzima. Nunua." Nikanunua siku hiyo hiyo.

Ulipokuwa unapanda basi kurudi uliniachia agizo moja. Ulisema mwezi wa kwanza nisiguse kitu chochote chini ya boneti, niliendeshe tu na kulisikiliza mpaka tuzoeane. Nikakujibu, sawa baba. Naomba ulikumbuke jibu langu hilo, maana nitalirudia.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya raha tupu. Gari lina rangi ya chai ya maziwa, viti vyake vimechakaa upande wa dereva tu, na kioo cha nyuma kina alama ya mkono mdogo ambayo haifutiki hata kwa sabuni, sijui ni ya mjukuu gani wa mwalimu. Zamu ya asubuhi nilikuwa natembea nusu saa kwenda kazini. Sasa nilikuwa nafika na viatu safi, tena na wenzangu watatu ndani, kila mmoja akinipa ushauri wa kuendesha ingawa hakuna hata mmoja mwenye leseni. Nilivimba kichwa, baba, sitaki kukuficha.

Jumatano ya wiki ya pili mambo yakaharibika. Asubuhi liliwaka vizuri, likatoka vizuri, lakini lilipopata moto likaanza kumisi, mlio ukikatika katika, na kuishiwa nguvu. Kwenye kile kilima cha hospitali muuza mayai alinipita akiwa anasukuma baiskeli yake kwa mkono, na alipofika usawa wa dirisha langu akanipa pole. Ndani kukawa na harufu ya petroli iliyonishika mpaka kwenye nywele. Mafuta ya kunitosha wiki nzima yakawa yanaisha siku tatu.

Nililipeleka kwa fundi wa karibu na geti letu, ambaye watu wanamwita Profesa kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akisema hajui. Alifungua plagi, zote nne zikatoka nyeusi tii, zina masizi kama sufuria la kuni. Akaweka mpya. Siku mbili baadaye zikawa nyeusi vile vile. Akabadilisha waya za plagi, akaja akachokonoa kabureta, kila mara akinihakikishia kwamba sasa amelipata. Mwishowe akakunja mikono kifuani akasema ringi za pistoni zimekwisha, injini ishushwe yote, na kwamba yeyote aliyeniambia injini hii ni nzima alinidanganya. Nilimjibu kwamba aliyeniambia ni baba yangu, tena ni fundi wa miaka arobaini. Akatikisa kichwa pole pole, kama sisi tunavyotikisa vichwa wodini ndugu wa mgonjwa wanapotuuliza swali ambalo jibu lake hatutaki kulitoa.

Jioni ile ndiyo tulikupigia tukiwa sebuleni kwa kaka, simu ikiwa mezani, sauti imefunguliwa wote tusikie. Nilikueleza yote kwa pumzi moja. Wewe uliuliza swali moja tu, moshi una rangi gani. Nami, kwa hasira na uchovu wa zamu, nikakujibu kwamba moshi ni moshi tu, baba, kwani una rangi ngapi. Hapo ndipo kaka alipoinama kwenye simu akasema, "Mzee, hata sikio hustaafu." Ukacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, nusu ya kile cha kawaida. Ukasema huenda ni kweli, mafundi wa siku hizi wapo, ukaniuliza kama nimekula, ukatuaga.

Kaka hakuwa na nia mbaya, unamjua mdomo wake haujawahi kuwa na breki. Lakini mimi sikumkemea. Na kibaya zaidi, moyoni nilikubaliana naye. Kwa siku kadhaa nilipita mbele ya nyumba ya mwalimu nikitazama upande wa pili wa barabara, nikiamini kwamba mzee mmoja amenidanganya na mzee mwingine hakusikia. Ninavyoandika hapa mashavu yananiwaka.

Aliyeniokoa ni dereva wa gari letu la wagonjwa. Alinielekeza kwa fundi mwingine, nyuma ya duka la mbao, anayeitwa Kimya. Jina linamstahili. Nilifika nikamweleza historia yote tangu plagi mpaka ringi, naye akasikiliza huku anakula karanga, akanawa mikono, akawasha injini, akasimama kando yake kichwa kimeinama. Aliiacha ikaunguruma kwa muda mrefu. Kisha akasema neno lake la kwanza tangu nifike. "Moshi una rangi gani likipanda mlima?"

Baba, nilihisi kama umesimama pale. Nilijibu kwamba sijui. Hakunilaumu. Aliingia ndani ya gari, kiti cha nyuma, akapiga magoti juu ya kiti kama mtoto na kutazama nje kupitia kioo kile chenye alama ya mkono, akaniashiria niendeshe. Tukapanda kilima cha hospitali mchana kweupe, mimi na sare yangu nyeupe, yeye ameuelekezea ulimwengu mgongo. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi la nje walisimama kututazama. Tulipofika juu akageuka akasema ni mweusi. Njiani kurudi, kwa maneno machache kuliko ninayotumia hapa, akanieleza kwamba ringi zikifa moshi hutoka wa kibuluu, kwa sababu injini inaunguza oili. Mweusi maana yake petroli ni nyingi na hewa ni kidogo. Akasema, "Hili gari haliumwi. Linakabwa."

Tulipofika kwake akafungua chujio la hewa. Lilikuwa safi, linang'aa. Akaniuliza nani ameliweka, nikamjibu kwa fahari kidogo kwamba ni mimi. Akalitoa, akalegeza ule mpira mnene unaopeleka hewa kwenye kabureta, akauinua, akachungulia kwa tochi, akaupindisha. Kwenye kona ya mpira palikuwa na kitu. Akachukua koleo la mdomo mrefu, karibu sawa na lile ninalomkabidhi daktari kila siku, akaliingiza na kuanza kuvuta taratibu. Kikatoka kitambaa. Kilikuwa cheusi kwa vumbi na mvuke wa mafuta, kimejisokota kama kamba, lakini ukingo wake ulikuwa umeshonwa kwa uzi mwekundu.

Mama, najua umeacha kufuta vumbi. Ndiyo, ni ule uzi wako.

Baba, sasa naandika lile ambalo simu ilinishinda. Jumamosi ya kwanza, gari likiwa halijamaliza hata wiki mikononi mwangu, nilifungua boneti. Uliniambia nisiguse, nikasema sawa baba, nikagusa. Nilitaka kubadilisha chujio mwenyewe ili watu wa nyumba hizi waone kwamba mtoto wa fundi anaishi hapa. Na wakaona kweli. Majirani watano walitoka na vikombe vyao vya chai. Nilitoa mkebe wenye vitambaa vyangu saba, vile ulivyovikata kwenye ovaroli yako kuukuu siku nilipokwenda kusomea uuguzi, mama akavipinda kingo. Nilipotoa chujio nikaziba mdomo wa mpira kwa kitambaa kimoja ili uchafu usiingie, kama ulivyonifundisha, na vingine nikavitandaza huku na huku.

Kisha nikaanza kuhubiri. Nikawaeleza majirani kwamba kwa baba yangu kila tundu lililofunguliwa huwekewa kitambaa, na kazi ikiisha vitambaa vinahesabiwa. Nikawaeleza jinsi nilivyokuwa mdogo, nakaa juu ya tairi, wewe ukiuliza kwa sauti, "Saba?" nami nikijibu, "Saba!" na kwamba vikiwa sita boneti haifungwi hata mwenye gari akiwa anachelewa harusi yake. Nikawaambia hapo ndipo uliponipa jina la Karani, na kwamba ndiyo maana leo, chumba cha upasuaji, mimi ndiye ninayehesabu vitambaa kabla daktari hajamshona mgonjwa, na kwa miaka kumi na moja sijawahi kupoteza hata kimoja. Wakanipigia makofi. Na katikati ya makofi hayo nikarudisha chujio, nikakusanya vitambaa, nikatupa mkebeni, nikafunga boneti kwa madaha. Nilihubiri kuhesabu na sikuhesabu.

Injini ikakivuta kitambaa mpaka kwenye kona, na huko kikakaa, kinanikaba mimi na gari langu na wewe baba yangu uliye mbali.

Na bado haijatosha. Kimya alipokikunjua kitambaa aliniuliza kwa upole, "Hiki ni cha nani?" Nikamjibu kwamba sijui, labda cha mwenye gari wa zamani. Alinitazama, akatazama uzi mwekundu, akatazama chujio jipya nililojisifia. Kisha akakikunja vizuri akaniwekea kwenye kiti cha mbele. Nilirudi nyumbani gari likipaa kilimani kama limezaliwa upya, na mimi nikiomba niukute mkebe una saba. Nilihesabu mara tatu. Vilikuwa sita.

Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Wiki tatu, baba, nimekuambia kwenye simu kwamba fundi amelirekebisha, nikaishia hapo, nawe hukuuliza zaidi kwa sababu ulidhani unajua jibu. Nilinyamaza kwa sababu ya aibu. Najua unavyonitaja kwa watu hapo mtaani, mwanangu wa kuhesabu, asiyepoteza kitambaa. Nilitaka nibaki hivyo masikioni mwako. Sikufikiri kwamba ili mimi nibaki Karani ilibidi wewe uache kuwa fundi. Nilipolisikia lile la dirisha ndipo nilipoona nimefanya nini. Nisamehe sana, baba.

Basi nisikilize kama ulivyomsikiliza mwalimu akikanyaga mafuta. Sikio lako halikukosea. Ulisema moyo wake mzima, na ni mzima mpaka leo, hakuna ringi iliyoguswa. Hata ukiwa mbali, bila bisibisi, bila kuona, uliuliza swali moja, na lilikuwa ndilo swali lenyewe. Ningetoka nje nikautazama moshi dakika moja tu, ungeutaja ugonjwa kabla Profesa hajafungua plagi ya kwanza.

Nimeanza kulipa yangu. Ijumaa nilirudi kwa Kimya nikamwambia kitambaa ni changu. Akatabasamu, akasema alijua, na kwamba angependa siku moja akutane na mtu aliyemfundisha mtu kushona ukingo wa kitambaa cha gereji. Nikamweleza kuwa mshonaji ni mama. Kutoka hapo nikaenda kwa mwalimu mstaafu kumwomba radhi, na ikawa hata hakujua kama nilimnunia. Alidhani macho yangu yana tatizo, na alikuwa amekwisha kumwulizia daktari mzuri wa macho kwa ajili yangu. Jana nikamwambia muuguzi mkuu wetu wa chumba cha upasuaji. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, akasema afadhali gari. Kisha akaacha kucheka, akasema Jumatatu tutahesabu wawili wawili, wote, na kwamba nitaanza mimi.

Kaka nimemsomea barua hii kabla ya kuifunga. Amesikiliza yote bila kukatiza, na kwake hiyo ni kazi ngumu. Ameniomba niandike kwamba lile neno lake amelimeza, na kwamba tukija ataendesha yeye sehemu ya njia ili umsikilize na yeye kama breki zake zimekaa sawa.

Maana tunakuja, baba, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na gari lenyewe. Sitaki ulitazame, nataka ulisikilize sehemu zote nne. Kuna kamlio kadogo upande wa kulia nikikata kona, mimi na Kimya hatuelewani ni ka nini. Kimya anasema ni beringi. Mimi nimemwambia tusubiri mwenye sikio.

Kwa hiyo mama, tafadhali, mtafutie dirisha la jikoni kijiti. Na yule dereva wa lori la maziwa akipita tena, usimwache aende mjini. Mwambie fundi yupo.

Wasalimieni majirani wote na wale wanaoniulizia. Nimeifunga bahasha hii nene kidogo, msishtuke. Ndani nimetia kitambaa, nimekifua mara nne na bado kina harufu ya petroli, lakini uzi wa mama haujaachia hata mshono mmoja. Sita vipo hapa mbele yangu mezani, nimevipanga mstari, na hicho kiko mkononi mwako.

Saba, baba. Sasa funga boneti.

Mimi mwanao akupendaye,
Karani wako.